Maji Aliyonyimwa Mwalimu Athanas

Watu wa hapa mgodini wanapomsikia mume wangu akiita majina langoni asubuhi husema, "Huyu karani ana sauti ya darasani." Ni kweli, ndiko alikoitoa. Wakitaka kujua aliachaje ualimu, utawasikia wenyewe kwa wenyewe wakijibizana ovyo: eti alikuwa mlevi, eti alikamatwa na mambo ya kishirikina. Uongo mtupu! Mlevi gani, wakati Athanas hata togwa ikianza kuchachuka kidogo anasukuma kibuyu pembeni? Kilichomtoa nakijua mimi, Philomena, mkewe wa ndoa ya kanisani, nami nakisema kwa sababu yeye mwenyewe hasemi. Ukimwuliza atakwambia ni mipango ya Mungu. Mungu asisingiziwe. Mungu hakuja Mwabuhela na pikipiki.

Mwabuhela ni kijiji cha Shinyanga, upande wa kwendea Isaka. Hapo misheni ilikuwa na shule, na shule ilikuwa Athanas. Banda alilijenga yeye na wazazi wa watoto, ukuta wa miti na udongo, juu nyasi. Alifundisha madarasa yote peke yake. Jumapili alisalisha watu, maana Padri alikuja mara chache. Akifa Mkristo, Athanas ndiye aliyezika. Ikija barua ya mtu aliyeko mashambani Tanga, Athanas ndiye aliyesoma, na kujibu akajibu yeye. Kwa kazi zote hizo mshahara wake ulikuwa ule wa kutia aibu, tena ulifika pikipiki ya Padri ilipokumbuka njia. Tulikula kwa sababu mimi nililima, na kwa sababu wazazi wa watoto walituletea uwele na maziwa.

Alikuwa na rafiki, Herman. Walisoma chuo kimoja, wakatoka na cheti kimoja. Herman akaenda shule ya serikali, Athanas akabaki na misheni. Basi Herman akawa na mshahara wa kueleweka, na barua ya ajira, na pensheni inamngoja uzeeni. Athanas hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba ameajiriwa. Siku moja Padri alimwambia, "Wewe nenda Mwabuhela," naye akaenda. Nyumba ilikuwa ya misheni, shamba la misheni, hata meza tuliyolia chakula ilikuwa na alama ya misheni chini yake.

Mwaka hamsini na moja walimu wa upande huu waliitana mjini Shinyanga. Ni Herman aliyewahangaikia. Alitaka walimu wa misheni wadai mambo mawili: waandikiwe mkataba kama wenzao wa serikali, na mtu asiachishwe kazi kabla hajasikilizwa. Herman alisema mpaka jasho likamtoka. Alikuwa ameshaanza kuwapata, watu wanatikisa vichwa kukubali. Ndipo mume wangu akasimama.

Nayajua maneno yake kwa sababu alinisimulia mwenyewe aliporudi, kifua mbele, na Herman naye akaja kunisimulia yaleyale, amenuna. Athanas alisema, "Wenzangu, misheni ilinikuta na kaniki kiunoni. Ikanivisha, ikanifundisha kusoma, ikaniozesha mke. Misheni ni baba yangu. Jamani, mtoto anamdai baba yake hati?"

Wakapiga makofi! Kulikuwa na kijana mmoja, Valerian, ndiyo kwanza ametoka chuoni. Huyo alisimama kabisa akapiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa. Walimu wa misheni wakakataa kutia sahihi, na shauri la Herman likafia palepale.

"Baba yako tulimzika," nilimwambia jioni hiyo. "Mimi mwenyewe nilichota maji ya msiba. Huyu baba mwingine umempata wapi?"

Akacheka. "Mwanamke wewe una mdomo."

"Ninao. Na wewe huna karatasi."

"Philomena, sina kosa nililofanya. Asiye na kosa anaogopa nini?"

Nikamwacha. Nilikuwa na mimba, nayo ilinichosha mapema kuliko nilivyotegemea.

Nilijifungua wavulana wawili kwa siku moja. Kulwa akatangulia, Doto akafuata. Athanas alifurahi mpaka akaligonga lile pande la reli lililokuwa kengele ya shule, wakati siku yenyewe haikuwa ya shule. Lakini mama yake, Mbuke, aliyekuwa ananizalisha, hakupiga vigelegele. Aliwaosha watoto, akawafunika, akanitazama. "Mayu," nikamwita, maana ndivyo tunavyomwita mama, "mbona umenyamaza?" Akasema, "Nawaza maji."

Nilimwelewa. Kwetu Usukumani mapacha, mabasa, ni baraka, lakini baraka yenye mambo yake. Wazazi hawaanzi tu kutembea na kushika watoto wa watu. Kwanza watu wanakusanyika, wananyunyizwa maji yenye majani ya dawa, wazazi, watoto, nyumba, hata njia ya kisimani. Zinaimbwa nyimbo za matusi, na matusi yenyewe ni ya kweli, si ya kuficha uso. Hapo jambo limekwisha. Lisipofanyika watu wanaogopa. Mvua itapotea, watasema, na watoto wa wenzenu wataugua. Nawe mwalimu unashinda na watoto wa kijiji kizima kutwa!

Misheni ilikataza mambo hayo, tena kwa ukali. Mwalimu akionekana penye ngoma ya mapacha, kazi hana na komunyo hapati.

Jilala ndiye aliyekuja kwa niaba ya wazazi. Alikuwa na wanawe watatu katika shule ile, na nguzo ya mlango wa shule aliikata yeye. Hakuingia ndani. Alisimama uani, mbali kidogo.

"Mwangaluka, Mwalimu."

"Mwangaluka, Baba. Karibu."

"Sikaribii, wala usikasirike. Mwalimu, sisi hatukukatai. Tunakutaka. Tunataka maji tu."

"Unajua sheria yangu, Baba. Nyimbo zile siwezi, na dawa siwezi."

Jilala akafikiri. "Nyimbo ziache. Majani yaache. Mlete basi huyo Padri wako na maji yake, anyunyize mbele ya watu tuone. Kwetu maji ni maji. Anayenyunyiza awe mkubwa tu, na watu waone."

Sasa niambie, hapo ugumu uko wapi? Mtu amekusogelea mpaka mlangoni pa dini yako mwenyewe! Athanas naye aliona hivyo. Kesho yake alipanda baiskeli akaenda misheni, njia nzima ya mchanga, akarudi jua limeinama. Nilipomwona anasukuma baiskeli badala ya kuipanda nikajua.

"Tumsifu Yesu Kristo" na "Milele amina" zilikwenda vizuri, alisema. Alimweleza Padri yote. Akamwomba abariki nyumba yetu mbele ya watu, basi, kama anavyobariki nyumba nyingine za Wakristo. Padri akatikisa kichwa. "Mwalimu, nyumba yako ningeibariki. Lakini nikiibariki kwa sababu ya hofu yao, nitakuwa nimecheza ngoma yao. Leo wataniletea mapacha, kesho wataniletea kuku wa kutambikia." Kisha akamshika bega. "Simama imara. Misheni iko nyuma yako."

"Na watoto wakiacha kuja?" nikauliza.

"Amesema misheni iko nyuma yangu."

"Wewe umesema nini?"

"Nimesema ndiyo, Baba Padri."

Mvua za mwaka hamsini na mbili zilichelewa. Sikwambii zilichelewa kwa sababu ya wanangu. Zilichelewa mpaka huko ambako hawajawahi kumwona Kulwa wala Doto. Lakini nenda kamweleze mwanamke ambaye mbegu zake zimeungua ardhini! Watoto wakaanza kupungua shuleni. Kwanza wasichana, kisha wadogo. Wa Jilala walikuwa wa mwisho kuondoka, na mkubwa wao aliondoka analia. Wakabaki wawili tu, watoto wa Muhidini mwenye duka, Mwislamu aliyetoka Tabora, yeye mila hiyo haikuwa yake.

Athanas aligonga reli kila asubuhi vilevile. Alivaa kaptula yake nyeupe niliyoipiga pasi, akasimama mbele ya watoto wawili wa Muhidini, akaita majina ya wote! Ndiyo, ya wote. Anaita, ananyamaza, anaita la pili. Nami niko jikoni namsikia. Roho iliniuma mpaka nikaziba masikio kwa mikono yenye unga.

Mbuke alimtafutia njia. "Mwanangu, nenda zako Isaka siku moja, kanunue chumvi. Ukirudi, yamekwisha. Hukuona, hukusikia."

"Mayu, nitakuwa nimemdanganya Padri."

"Na sisi je? Sisi tule nini, ukweli wako?" Hapo ni mimi niliyepasuka. "Wale hawakuletei tena hata kikombe cha uwele. Maziwa yamekatika. Nina vichanga viwili vinanyonya ziwa lisilo na kitu! Nenda Isaka, Baba Kulwa. Nakuomba. Nakupigia magoti."

Akaniinua kwa mikono miwili. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Nikianguka sasa," akasema, "Padri atakuwa na haki ya kunifukuza. Nikisimama, hana."

Aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Basi hakwenda Isaka.

Padri alikuja baada ya pamba kuchumwa, hiyo kidogo iliyoota. Tulisikia pikipiki toka mbali. Akatazama banda, akatazama watoto wawili wa Muhidini, akavua miwani akaifuta vumbi.

"Mwalimu, watoto wako wapi?"

"Baba Padri, unajua waliko. Nilikueleza."

"Serikali inatoa ruzuku kwa kuangalia idadi ya watoto. Shule bila watoto si shule."

"Uliniambia nisimame imara."

"Na umesimama. Umefanya vizuri sana, Mungu ameona." Akaivaa miwani yake. "Lakini watu wa hapa hawakutaki tena. Lazima nilete mwingine. Mwisho wa mwezi uwe umetoa vyombo, maana atahitaji nyumba."

Athanas alisimama pale na chaki mkononi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Baba Padri, sitasikilizwa?"

"Usikilizwe nini, mwanangu? Hukufanya kosa."

Umesikia hiyo? Mwizi angesikilizwa. Aliyempa mtoto wa watu mimba angeitwa, angeulizwa, angejitetea. Mume wangu kwa kuwa hakuwa na kosa, hakuwa na la kuulizwa!

Nilikuwa nimembeba Doto mgongoni, Kulwa yuko kifuani. Nikasogea mpaka kwenye gurudumu la pikipiki. "Baba Padri, ulisema misheni iko nyuma yake. Mimi nimechungulia nyuma yake, sioni mtu. Naona ukuta wa udongo tu, na ameujenga yeye."

"Mama, usiwe na hasira," akasema, akaiwasha.

Nina hasira mpaka leo.

Herman alipopata habari alikuja mbio. Alikwenda misheni, akaenda hata kwa mkubwa wa elimu mjini. Kote aliulizwa swali moja: mwalimu huyu ana mkataba gani? Hana. Basi hakuachishwa kazi, wakamwambia, maana mtu ambaye hakuandikiwa hawezi kuachishwa. Alikuwa anasaidia tu. Herman alirudi akakaa kwenye kinu changu, akainamisha kichwa. Nilingoja amwambie Athanas, "Si nilikwambia?" Alikuwa na haki yake. Hakusema. Alimpa tumbaku wakavuta, na Athanas havuti.

Siku ya kuondoka Jilala na wenzake walikuja kutuaga. Walisimama mbali, kule kwenye ua wa minyaa, wanaume kwa wanawake. Waliweka njiani kapu la viazi vikavu, michembe, na jogoo aliyefungwa miguu, kisha wakarudi nyuma ili tupite tuvichukue. Jilala alilia waziwazi. Walimpenda, nakwambia. Walimpenda na wakamwogopa, nami siwezi kuwachukia vizuri kama ninavyotaka. Mbuke aliokota kapu, akawanyunyizia mate kwa mbali kuwabariki, tukapanda lori.

Ndivyo tulivyofika Geita, kwenye dhahabu. Hapa kuna Mhaya, Msumbwa, Mngoni, Mzinza, kila mtu kaja na lake, na mapacha wangu walichezea mchanga wa mgodi hakuna aliyewashangaa. Athanas aliomba kazi ya sururu wakamtazama mikono ya chaki, wakampa kazi ya kuita majina ya zamu langoni. Mzungu wa mgodi hakumwuliza kama anasali. Hakumwita mwanangu. Hata jina alilikosea, alimwita Antoni mwezi mzima. Lakini alimpa karatasi yenye mhuri: mshahara huu, muda huu, na anayetaka kuvunja kazi, awe yeye au mgodi, atoe taarifa kabla. Athanas aliileta nyumbani, akaiweka juu ya meza, akaitazama jinsi mtu anavyomtazama mgeni asiyejua atamlaza wapi. Meza yenyewe ilikuwa yetu, niliinunua kwa pesa za maandazi niliyouza.

Mwaka hamsini na sita Herman alipita kututembelea. Nilimchinjia kuku. Alikula kidogo mno, nikajua ana jambo.

"Mwabuhela wanasemaje?" Athanas akauliza. Hakuwa ameuliza miaka yote hiyo.

"Shule imejaa," akasema Herman. "Wamempeleka Valerian. Mwanzoni hakupata watoto. Walisema nyumba ile na shule ile bado vina mambo ya mapacha wako."

"Halafu?"

"Halafu misheni ikaezeka shule bati, Padri akaja kuibariki. Akaja na ndoo ya maji ya baraka na kile kibrashi chake. Akanyunyiza shule, akanyunyiza nyumba, akanyunyiza na watu waliosimama njiani. Jilala akarukiwa usoni. Akajifuta, akasema, 'Basi, yamekwisha.' Jumatatu yake watoto wote wakarudi."

Kijiko kilinidondoka. Maji yaleyale! Padri yuleyule! Alichoombwa kwa ajili ya mtu alikitoa kwa ajili ya bati!

"Padri anajua alichofanya?" nikauliza.

"Yeye anasema amebariki paa. Ukimtajia mapacha atakufukuza."

Athanas akauliza, "Na wa Jilala wamerudi? Hata yule mkubwa?"

"Huyo sasa ni mtu mzima, amekwenda kuvunja mawe kwenye almasi, Songwa. Wadogo zake wamerudi."

"Afadhali," akasema mume wangu. Afadhali! Nilitaka kumpiga na mwiko.

Herman aliweka sahani chini. "Tulikutana tena, walimu. Mwezi uliopita. Nikawaeleza shauri la mkataba, nikawaeleza na habari zako, jina lako nikalitaja. Nilifikiri safari hii watatia sahihi. Valerian akasimama. Akasema misheni imemlea, imemsomesha, imemwezekea na bati. Akasema, mtoto anamdai baba yake hati?"

Mume wangu akainua uso. "Alisema hivyohivyo?"

"Neno kwa neno."

"Na watu?"

"Walipiga makofi."

Athanas akaitazama mikono yake. Nilidhani atalia, na ningefurahi alie, maana hajawahi. Akasema tu, "Yalikuwa maneno yangu hayo."

Mimi huyo Valerian nilimchukia. Analala nyumba yangu, analima shamba langu, anapigiwa makofi kwa maneno yaliyotulaza njaa. Nikauliza kwa ubaya, nikitaka kusikia lolote la kumtweza, "Na huyo bwana ana familia?"

"Ana mke," akasema Herman. "Nilimwona. Mjamzito, ana tumbo kubwa sana, masikini, hata kukaa anapata shida."

Athanas aligeuka akanitazama, nami nikamtazama. Nje Kulwa na Doto walikuwa wanagombania mpira wa matambara. Nikaingia jikoni, nikapiga magoti palepale kwenye majivu, mimi niliyeapa kutomwombea mtu yeyote wa misheni ile, nikamwomba Mungu ampe mwanamke yule mtoto mmoja.